Data ya Vihisi Inapopotea, Inapojaa au Inaposema Uongo

Karibu kila anayenipigia simu huanza hivi: "Fundi, seva imekufa." Nikifika, seva ni nzima. Kilichokufa ni laini ya simu iliyoishiwa bando kule Butaleja, au saa ya kifaa iliyorudi miaka hamsini nyuma, au ni vifaa viwili vilivyopewa jina moja na sasa vinafukuzana mlangoni. Natunza vihisi vya matangi ya maji, maghala ya mahindi na matangi ya kupozea maziwa upande huu wa mashariki mwa Uganda, kutoka Busia hadi Mbale, na mara mojamoja naitwa Mbarara. Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, kama zinavyoletwa kwangu. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Kabla ya kugusa kitu: hesabu

Data hupita vituo. Kihisi hupima, kifaa huhifadhi na kutuma, mtandao wa simu hubeba, broka hupokea na kugawa (hapa namaanisha programu kama Mosquitto, inayotumia itifaki ya MQTT, yaani kanuni za vifaa kutumiana ujumbe mfupi), programu ya kuandika huingiza kwenye hifadhidata, kisha dashibodi, yaani ukurasa wa grafu, huchora. Kwenye kituo cha maziwa madumu huhesabiwa langoni, na yakimiminwa kwenye tangi hupimwa tena. Yakiingia madumu 20 na tangi likaonyesha 17, hakuna anayekwenda kumlaumu ng'ombe. Tunatafuta kati ya lango na tangi.

Fanya vivyo hivyo. Kifaa kinachotuma kila dakika kinapaswa kuleta vipimo 1,440 kwa siku. Vifaa 200 vinaleta 288,000 kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya milioni 105. Chagua kifaa kimoja na siku moja. Vilitoka vingapi kwenye kifaa? Vilifika vingapi kwenye broka? Vimeandikwa vingapi? Vinachorwa vingapi? Pale namba inapobadilika ndipo penye ugonjwa. Nimeona watu wakinunua seva mpya ya mamilioni ya shilingi kwa tatizo ambalo hesabu hii ingelionyesha kwa nusu saa, na inaniuma, kwa sababu pesa hiyo mara nyingi ni ya ushirika wa wakulima.

Jambo la pili: usiwashe upya kila kitu kwa pamoja. Ukifanya hivyo dalili hupotea, sababu hubaki, nawe utarudi wiki ijayo.

Dalili: vipimo vina mapengo

Hii ndiyo nyingi kuliko zote.

Anza na laini. Itoe kwenye kifaa, iweke kwenye simu ya kawaida, angalia bando na ujaribu kufungua ukurasa wowote. Ikigoma, ulizia laini imesajiliwa kwa nani. Hapa Uganda laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na mara nyingi ilisajiliwa kwa jina la kijana aliyekuwa kazini miaka miwili iliyopita, akaondoka. Siku ikifungwa, hakuna wa kuifungua ila yeye. Sajili laini zote kwa jina la taasisi, na uwe na daftari lenye namba ya laini, jina la kifaa na mahali kilipo.

Laini ikiwa nzima, soma umbo la pengo. Pengo linalotokea kila usiku, tuseme kuanzia saa 8 hadi alfajiri, ni betri iliyochoka au paneli ya sola iliyofunikwa na vumbi. Msimu wa mvua wa Machi hadi Mei, paneli iliyotosha mwezi wa Januari haitoshi tena. Pengo linalovipata vifaa vyote vya eneo moja kwa dakika ileile ni umeme wa gridi au mnara wa simu, kwa hiyo usipande bodaboda kwenda huko kabla ya kumpigia mlinzi umuulize kama taa zinawaka. Kifaa kinachozimika kila kinapotaka kutuma kina tatizo jingine: moduli ya simu kama SIM800 huvuta hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo inapotuma. Waya mwembamba au chaja dhaifu haviwezi kuhimili, volteji inashuka na kifaa kinajiwasha upya. Pima volteji wakati kinatuma. Kikiwa kimetulia utaona kila kitu ni sawa na utaondoka umedanganyika.

Kuna pengo moja ambalo watu hulisoma vibaya. Mtandao ulikatika siku nzima, ukarudi, na data ya saa za mwisho za siku ile imekuja yote ila ya mwanzoni haipo. Hapo mtandao umefanya kazi yake. Ni kumbukumbu ya kifaa iliyojaa ikaanza kufuta vya zamani ili kuweka vipya. Kifaa kinachohifadhi vipimo 500, kimoja kila dakika, kina akiba ya saa 8 na dakika 20 tu. Kwa sehemu ambazo umeme unaweza kukosekana mchana kutwa, mimi sikubali kifaa chenye akiba ya chini ya siku tatu. Kikiwa hakina nafasi, punguza mwendo wa kupima: joto la ghala la mahindi halibadiliki kila dakika, kipimo kimoja kwa dakika 15 kinatosha kabisa.

Kama vifaa viwili vinaonekana na kupotea kwa zamu, kimoja kikiingia kingine kinatoka, angalia utambulisho wao kwenye broka. MQTT hairuhusu wateja wawili wenye utambulisho mmoja; anayeingia humtoa aliyekuwemo. Aliyetolewa naye hurudi, anamtoa mwenzake, na hivyo hivyo usiku kucha. Hutokea fundi anaponakili programu ya kifaa kimoja kwenda kingine bila kubadilisha jina. Tumia namba ya pekee ya chipu au IMEI (namba ya utambulisho) ya moduli ya simu iwe sehemu ya jina, na jambo hili halitakusumbua tena.

Sababu mbili za mwisho zinatenganishwa kwa ile hesabu. Kifaa kinasema kimetuma lakini broka haina? Angalia ngazi ya uhakika wa kufikisha. Ngazi 0 hutuma mara moja bila kusubiri jibu, na kwa mtandao wa kijijini huko ni kutupa jiwe gizani. Weka ngazi 1. Broka imepokea lakini hifadhidata haina? Kosa liko kwenye programu ya kuandika. Hukusanya vipimo, tuseme 500, na kuviandika kwa mkupuo. Kihisi kimoja kibovu kikileta neno mahali pa namba, hifadhidata hukataa mkupuo mzima, na vipimo 499 vizuri huenda na maji. Soma logi (kumbukumbu ya matukio) ya programu hiyo, neno la kukataliwa utalikuta. Dawa ni kuchuja kila kipimo kabla ya kukiweka kwenye kundi, na kibovu kikatupwa kwenye jedwali la pembeni ili ukichunguze baadaye.

*Simama hapa:* usipande mnara au nguzo ya antena kama hujafunzwa na huna mkanda wa usalama. Na mawingu yakianza kujikusanya, shuka. Tororo imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa miji yenye siku nyingi za radi duniani, na sisi tunaoishi hapa hatuhitaji kuambiwa. Baada ya radi, kama sanduku linanuka kuungua au kuna alama nyeusi kwenye waya, usiliguse. Mlingoti mzima unaweza kuwa na umeme wa volti 240. Mwite fundi umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia sekta ya umeme.

Dalili: tarehe na saa hazieleweki

Naipenda dalili hii kwa sababu kosa lenyewe hukwambia jina lake.

Vipimo vikiandikwa tarehe 1 Januari 1970, saa 9 usiku, kifaa hakijui saa kabisa. Kompyuta nyingi huhesabu muda kuanzia mwanzo wa siku hiyo kwa saa za Greenwich, nasi tuko saa 3 mbele. Kifaa kiliwaka kikaanza kupima kabla ya kuuliza saa kwenye mtandao. Vikiandikwa mwaka 2000, aghalabu kifaa kina chipu ya saa na kibetri chake kidogo cha duara kimeisha. Badilisha kibetri, ni kazi ya dakika tano.

Tarehe ikiwa karibu na 20 au 21 Januari 1970, na saa inasogea polepole mno, hapo sekunde zimesomwa kama milisekunde. Ikiwa ni mwaka wa maelfu ya mbele usioweza kutamkika, ni kinyume chake. Hii ni ya kurekebishwa kwenye programu, usikimbilie kifaa. Kifaa cha zamani cha kufuatilia magari kinachoonyesha tarehe ya takriban miaka 19 na miezi 7 iliyopita kimepatwa na ugonjwa wa GPS: mfumo huo huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Kikikosa programu mpya, kibadilishe.

Tofauti ya saa 3 kamili ni eneo la saa. Hifadhi muda wote kwa saa za Greenwich, na ugeuze kuwa saa za Afrika Mashariki wakati wa kuonyesha tu. Hitilafu huja pale kifaa kinapoongeza 3 na dashibodi nayo inaongeza 3.

Na tofauti ya saa 6? Huyo ni binadamu. Kwenye kituo kimoja cha maziwa tulikuwa na vihisi kwenye tangi na daftari la mpokeaji, ambalo kijana alikuwa akiliingiza kwenye kompyuta kila jioni. Ripoti ilionyesha maziwa yanapokewa usiku wa manane, na joto la tangi halipandi ila saa 6 baadaye. Meneja alianza kushuku wizi. Mpokeaji alikuwa ameandika "saa 2" akimaanisha saa 2 asubuhi, kama mimi na wewe tunavyosema, na kijana akaingiza 02:00. Maziwa yaliingia 08:00. Hakuna aliyeiba wala aliyekosea lugha yake. Siku hizi kwenye fomu zetu naweka neno la kuchagua, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na programu hugeuza yenyewe. Mkiunganisha data ya mashine na daftari la mtu popote penye Kiswahili au Kiganda, angalieni hili kwanza, kabla mtu hajapoteza kazi.

Kwa kinga, kila kipimo kiandikiwe saa mbili: saa kilipopimwa na saa kilipofika kwenye seva. Gharama yake ni baiti nane, na itakuokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu.

Dalili: namba zipo lakini si za kweli

Joto la 85 kamili, likitokea ghafla kisha likatoweka. Kihisi cha DS18B20, ambacho kimejaa kwenye matangi yetu, hutoa 85 mara tu kinapowashwa, kabla hakijapima. Ama programu haikisubiri, ama umeme wake unakatikakatika. Kaza viungo vya waya kwanza. Kikitoa -127, programu inakwambia kuwa haikioni kihisi kabisa: waya umekatika, panya amekula, au kile kizuizi cha omu 4,700 hakipo. Usiache namba hizi ziingie kwenye wastani. Kipimo kimoja cha -127 ndani ya saa yenye vipimo 60 vya nyuzi 4 hushusha wastani wa saa hadi chini ya nyuzi 2, na mtu ataamini kuwa tangi linafanya kazi vizuri mno.

Mstari ulionyooka kabisa, namba ileile kwa saa nyingi, ni wa kuogopwa. Kihisi kizima hakitulii hivyo. Hata ghala lililofungwa huyumba kidogo. Mara nyingi programu imeshindwa kusoma na inarudia kipimo cha mwisho. Weka onyo linalolia kipimo kisipobadilika hata kidogo kwa muda uliopanga.

Kina cha tangi la maji kikisoma hasi, na kihisi ni cha miliampea 4 hadi 20, shukuru aliyebuni mpango huo. Tangi tupu ni 4, wala si 0, kwa hiyo kilicho chini ya 4 kwa mbali kinamaanisha waya umekatika au kihisi hakina umeme. Wanaoandika programu na kugeuza kila namba hasi kuwa sifuri wanaifuta taarifa hiyo, na mtaa mzima unaambiwa hauna maji wakati tangi limejaa.

Vihisi vya vumbi vya bei nafuu hupandisha namba wakati wa ukungu na unyevunyevu mwingi, kwa kuwa mwanga wao huhesabu matone kama vumbi. Linganisha na kipimo cha unyevu kabla ya kupiga kelele kuwa hewa imechafuka alfajiri. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, huweka vifaa vyake kando ya mashine ya rejea ili kusahihisha namba. Wewe usiye na mashine hiyo unaweza kuweka vifaa vyako viwili mahali pamoja kwa wiki moja uone vinavyotofautiana. Nasisitiza: usisahihishe kwa kufuta namba ya awali. Hifadhi kipimo ghafi kama kilivyokuja, na kilichosahihishwa kiwe safu nyingine. Fomula ikigundulika kuwa na kosa mwaka ujao, utahitaji kurudi nyuma.

*Simama hapa:* kama kihisi kiko kwenye jokofu la chanjo na kimewahi kusoma nje ya nyuzi 2 hadi 8, usiamue wewe kama ni kosa la kihisi. Mwambie mhudumu wa afya anayesimamia chanjo mara moja, chanjo zitengwe bila kutumika wala kutupwa, na uamuzi uwe wake.

Dalili: kifaa kimezimwa lakini dashibodi inaonyesha namba

Broka imeambiwa ibaki na ujumbe wa mwisho na kumpa kila anayejiunga. Huduma hiyo ina faida, ila bila saa pembeni namba ya juzi inaonekana ya sasa. Onyesha umri wa kila kipimo kwenye dashibodi, na kilichozidi mara tatu ya mwendo wa kawaida kigeuke kijivu. Weka pia ule ujumbe wa wosia wa MQTT, ambao broka hutangaza kifaa kinapokatika bila kuaga.

Dalili: umeme ukirudi, kila kitu kinaanguka

Umeme wa eneo unarudi. Vifaa 200 vinawaka kwa sekunde ileile, vyote vinabisha hodi kwa broka pamoja, kila kimoja kimebeba mzigo wa siku mbili. Broka inalemewa, inawakatia, nao wanabisha tena papo hapo. Hapo ndipo seva inapolaumiwa, ingawa ukubwa wake wa kila siku unatosha.

Kifundishe kifaa kusubiri kwa nasibu, sekunde 5 kwa kimoja, dakika 4 kwa kingine, na kikikataliwa kiongeze muda wa kusubiri maradufu kila mara. Kisha kitume kipimo cha sasa kwanza, cha zamani baadaye na polepole. Programu ya tahadhari nayo iangalie saa ya kupimwa. Nimeamshwa saa 10 alfajiri kwa ujumbe 340 kuwa tangi la maziwa limepanda joto, wote ni wa jana yake mchana. Baada ya usiku kama huo watu huzima tahadhari, na siku ya hatari ya kweli simu hailii.

Vipimo vikionekana mara mbili baada ya tukio hili, usishangae. Ngazi 1 ya MQTT huahidi kufikisha angalau mara moja, kwa hiyo jibu likipotea kifaa hutuma tena. Weka sharti kwenye hifadhidata kuwa jina la kifaa, aina ya kipimo na saa ya kupimwa kwa pamoja haviwezi kujirudia. Nakala ya pili itapuuzwa kimyakimya.

Dalili: dashibodi inachukua dakika nzima kufunguka

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni kuomba vingi kuliko vinavyoweza kuonekana. Kifaa kimoja kwa mwaka kina vipimo 525,600. Vioo vingi vya kompyuta havina hata nukta 4,000 kwa upana. Tengeneza majedwali ya muhtasari, ya saa na ya siku, yenye wastani, kiwango cha chini, cha juu na idadi ya vipimo. Grafu ya mwaka isome muhtasari wa siku, ya wiki isome wa saa, na data ghafi iombwe kwa siku moja au mbili tu. Usisahau kiwango cha juu. Wastani peke yake huficha nusu saa ambayo maziwa yalichacha.

Ya pili ni faharasa, orodha inayoionyesha hifadhidata pa kutafuta. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, faharasa ya kifaa na muda kwa mpangilio huo hugeuza utafutaji wa dakika kuwa wa sekunde. Ya tatu huwapata wenye hifadhidata ya InfluxDB ya matoleo ya zamani: wamefanya kitu kinachobadilika kila mara, kama namba ya ujumbe, kuwa lebo. Kila lebo mpya huzaa mfululizo mpya, na kumbukumbu ya seva humezwa. Lebo ziwe chache na za kudumu: kifaa, wilaya, aina. Vingine viwe thamani za kawaida.

Dalili: diski imejaa

Angalia logi kwanza. Mara kadhaa nimekuta data yenyewe ni gigabaiti 12 na logi za programu ni 60, kwa sababu mtu aliwasha maelezo marefu akitafuta kosa, akasahau kuyazima. Weka mzunguko wa logi na mambo yameisha.

Kama ni data, jiulize kipi kinahitajika. Kwa wateja wangu wengi naweka ghafi miezi 13 kwenye hifadhidata ili msimu ulinganishwe na msimu, muhtasari bila kikomo, na ghafi ya zamani hubanwa kwenye mafaili na kupelekwa diski ya nje iliyo jengo jingine. Gawa jedwali kwa miezi tangu mwanzo. Kufuta mwezi mzima huwa tendo la sekunde na nafasi hurudi papo hapo. Ukifuta mistari mmoja mmoja kwenye PostgreSQL, nafasi haiirudii diski. Hubaki ndani ya jedwali ikisubiri mistari mipya. Amri ya VACUUM FULL huirudisha, lakini hufunga jedwali lisitumike na huhitaji nafasi ya ziada ya kuandika jedwali upya. Kwa diski iliyokwisha kujaa, hiyo ni kukopa kwa asiye na kitu.

*Simama hapa:* ukiona folda ya pg_wal ya PostgreSQL imevimba, usifute faili lake hata moja kwa mkono. Hayo ndiyo yanayoifanya hifadhidata isimame tena ikianguka. Mara nyingi kuna nakala ya seva iliyoachwa bila kuunganishwa na bado inasubiriwa. Na hifadhidata ikikataa kuwaka huku ikilalamika kuhusu kurasa zilizoharibika, zima, nakili diski nzima kama ilivyo, kisha tafuta mtaalamu wa hifadhidata. Jaribio la kwanza la kuirekebisha juu ya diski halisi ndilo mara nyingi linalomaliza kilichobaki.

Malango (vifaa vinavyokusanya data ya vihisi na kuipeleka kwenye seva) yanayotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kadi ya kumbukumbu hufa kwa njia yao: umeme hukatika kadi ikiwa inaandikwa. Tumia diski ya SSD na kibetri cha akiba, au punguza kuandika.

Dalili: bando linaisha katikati ya mwezi

Kipimo chenyewe kina baiti 40. Kwa kila dakika, hiyo ni kilobaiti 58 kwa siku, haifikii hata picha moja ya simu. Kinachokula bando ni kufungua muunganisho mpya wa siri kila dakika: salamu na vyeti huchukua kilobaiti 5 hivi kila mara, sawa na megabaiti 7 kwa siku na zaidi ya 200 kwa mwezi kwa kifaa kimoja. Weka muunganisho ubaki wazi, au kusanya vipimo 15 utume kwa pamoja. Usiondoe ulinzi ili kuokoa bando.

Dalili: wasiohusika wanaona au wanaingiza data

Vipimo vya kifaa usichokijua vikitokea, broka yako iko wazi. Mosquitto tangu toleo la 2.0 haipokei wageni wa mbali bila mipangilio, lakini mtu huandika mstari wa kuruhusu wasiojulikana "kwa majaribio tu," na majaribio yanageuka miaka. Funga mlango wa mtandao namba 1883 kwa nje, tumia 8883 wenye ulinzi, na kila kifaa kiwe na neno lake la siri na ruhusa ya kuandika kwenye mada yake peke yake.

Kama data inaonyesha pikipiki ya mtu ilipo au lini nyumba fulani hutumia maji, hiyo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Ikivuja, Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U (mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari), lazima ijulishwe mara moja. Usifute logi ili kuficha aibu. Mwite mwanasheria na mtaalamu wa usalama wa mitandao siku hiyohiyo.

Unapompigia mtaalamu

Uwe na haya mkononi, kwa sababu ndiyo nitakayokuuliza hata kabla ya kupanda gari: jina la kifaa kimoja chenye tatizo na jina la kingine kilicho kizima, siku na saa tatizo lilipoanza, ukisema kama ni saa ya Kiswahili au ya kompyuta, idadi ya vipimo vya siku hiyo katika kila kituo, na kitu cha mwisho kilichobadilishwa, awe ni nani aliyekibadilisha. Hiki cha mwisho kisemwe bila woga. Kijana aliyesema tangu mwanzo kwamba alihamisha laini kutoka kifaa kimoja kwenda kingine alituokolea safari ya Kapchorwa na siku mbili za kazi.